Saa Iliyoandikwa kwenye Tiketi

Tarehe 1 Julai 2025, AMC, kampuni yenye majumba mengi ya sinema kuliko nyingine yoyote nchini Marekani, ilianza kuonyesha matangazo ya biashara baada ya saa iliyotangazwa kuwa ndiyo saa ya filamu. Wenzake wawili wakubwa, Regal na Cinemark, walikuwa wakifanya hivyo tangu mwishoni mwa 2019. Mwaka huo wa 2019 AMC iliukataa mpango uleule, ikatamka hadharani kwamba inaamini watazamaji wa Marekani wangeuchukia. Miaka karibu sita baadaye ikaeleza kwamba washindani wake wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mitano bila mahudhurio yao kuathirika moja kwa moja. Maelezo hayo yameniuma kuliko matangazo yenyewe, kwa sababu maana yake ni kwamba hoja ya mwaka 2019, kwamba mtazamaji anastahili kuheshimiwa, imewekwa kando baada ya kuthibitika kwamba mtazamaji anavumilia.

Mimi naishi Austin, katika jimbo la Texas, na sinema ni starehe ninayoigharamia bila kinyongo. Sina ugomvi na matangazo kwa jumla. Ninachotaka kukitetea katika ukurasa huu ni kitu kimoja tu, nacho ni saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Ukumbi unaponiuzia kiti cha saa moja jioni, umeniahidi jambo la saa moja jioni. Na muda unaoanza dakika ile nimekwisha kuulipia mimi, kwa hiyo si halali kumuuzia mtu mwingine kwa mara ya pili.

Kwa msomaji ambaye hajaingia kwenye majumba haya siku za karibuni, nieleze mambo yanavyokwenda. Unapoingia ukumbini mapema, unakuta skrini imekwisha kuwashwa na taa zinawaka nusu. Hapo kinaendeshwa kipindi cha utangulizi, ambacho katika majumba mengi ya kampuni hizi hutengenezwa na kampuni ya matangazo iitwayo National CineMedia na kwa miaka mingi kimekuwa kikijulikana kwa jina la Noovie. Ndani yake mna maswali ya chemshabongo kuhusu filamu, mahojiano mafupi na waigizaji, habari za filamu zijazo, na katikati ya hayo yote matangazo ya magari, bima, simu na vinywaji. Mpangilio wake una bei zake. Matangazo ya biashara za mtaani, kama vile daktari wa meno au wakala wa nyumba, huwekwa mapema, wakati viti vingi bado ni vitupu. Kadiri saa ya tiketi inavyokaribia, ndivyo yanavyoingia ya kampuni kubwa za kitaifa, kwa kuwa nafasi hizo ni ghali zaidi. Kisha saa inafika, taa zinapunguzwa, na vionjo vya filamu zijazo vinaanza. Kwa mpango ulioanza 2019, hata baada ya saa hiyo huongezwa dakika zisizozidi tano za matangazo, na zaidi ya hayo ipo nafasi moja iliyopewa jina la platinamu: tangazo la sekunde 30 au 60 linalochomekwa katikati ya vionjo, kabla ya kile cha mwisho au viwili vya mwisho, ukumbi ukiwa tayari umezama gizani.

Mahali pale hapakuchaguliwa kwa bahati. Mtu aliyekaa gizani, simu ameizima, watoto amewanyamazisha, na macho ameyaelekeza mbele akiingojea filamu, hana pa kukimbilia. Nyumbani angebadilisha chaneli au angekwenda jikoni. Hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa kwa wenye matangazo, yaani umakini wa mtu ambaye amejiandaa kwa jambo jingine kabisa.

Mama yangu alipotutembelea kutoka Dar es Salaam, tulimpeleka kwenye filamu ya saa moja usiku. Yeye ni mtu wa enzi za Avalon na Empire, majumba ya sinema ya zamani ya jiji hilo, na kwenda sinema kwake ni jambo la kuvalia. Tuliketi mapema, akaangalia magari na bima kwa utulivu, na saa moja ilipofika taa zikapungua, akavaa miwani yake na kujiweka sawa. Kikaanza kionjo cha kwanza. Mwanamume mmoja alikuwa akikimbizwa juu ya mapaa ya nyumba, na mama akamfuatilia kwa makini, mpaka ghafla yakaja maandishi na yule bwana hakuonekana tena.

"Baba, huyu aliyekuwa anakimbizwa ameishia wapi?" akaninong'oneza.

"Hiyo siyo yenyewe, mama. Ni ya kuja mwezi wa kumi."

Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, kisha likaja tangazo la gari, kisha kionjo kingine. Kila mara aliniuliza kwa jicho tu, nami nikatikisa kichwa. Filamu tuliyoifuata ilianza saa moja na nusu kasoro dakika chache, na kufikia hapo alikwisha kuchoka kuanza upya kila mara na watu wapya. Tulipotoka nikamwomba radhi kwa kusubirishwa. Akanijibu kwamba harusi ya kadi ya saa kumi na mbili ikianza saa mbili hakuna anayeshangaa, kwani kila mwalikwa anajua ni harusi na hakuna aliyekata tiketi. Lakini hawa wamepokea pesa na wameandika saa. Sijapata maelezo ya tatizo hili yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo.

Aliniambia pia kwamba wakati wake matangazo yalikuwepo. Kulikuwa na slaidi za maduka ya mjini, picha moja inakaa kidogo, inaondoka, inakuja nyingine, na watu wakizungumza na kusalimiana bila wasiwasi, kwa sababu taa zilikuwa zinawaka na kila mmoja alijua kwamba bado. Taa zikizimwa, basi. Nimeitafakari sana tofauti hiyo. Giza la ukumbini lilikuwa na maana moja, na mtazamaji aliweza kuiamini.

Matangazo na sinema vimezaliwa karibu pamoja, na mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya juzi. Mwaka 1897 kampuni ya Thomas Edison ilitengeneza filamu fupi ya kutangaza sigara za Admiral, miaka miwili tu baada ya ndugu Lumière kuonyesha filamu zao mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris. Kionjo kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza kilionyeshwa mwaka 1913 katika majumba ya Marcus Loew huko New York, kikatangaza tamthilia ya jukwaani. Kisha zikaja habari za picha, katuni na filamu fupi, na kwa miongo mingi mtu aliyelipa kiingilio alipata mkusanyiko wa vitu kadhaa, filamu kubwa ikiwa kimojawapo. Mwaka 1957 ikatengenezwa filamu fupi ya katuni iliyowaalika watazamaji waende ukumbi wa nje kununua bisi na soda, "Let's All Go to the Lobby", ambayo mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani. Uingereza nako, kampuni ya matangazo ya sinema ya Pearl & Dean, iliyoanzishwa 1953, ina muziki wake wa utambulisho uliotungwa na Pete Moore mwaka 1968, na vizazi vya watazamaji vimekuwa vikiuimba kwa sauti pamoja na spika. Watu wameyapenda mambo haya kweli, na upendo huo una sababu: yalitengenezwa kwa ajili yao na yalikaa mahali pake.

Kwetu Afrika Mashariki upo mfano mwingine ulio wazi zaidi. Magari ya sinema yalikuwa yakizunguka vijijini, yanatundika kitambaa cheupe uwanjani jua likizama, na kijiji kizima kinakusanyika. Kampuni za sabuni, dawa na mafuta ya kupikia ndizo zilizogharamia, na matangazo yao yalichukua sehemu kubwa ya usiku. Hakuna aliyelalamika kwamba ameibiwa, kwa kuwa hakuna aliyelipa. Tangazo lilikuwa ndilo kiingilio. Mapatano yale yalieleweka na mzee na mtoto, na ndiyo maana siwezi kukubali yanapogeuzwa: nilipe tiketi, nilipe bisi, nilipe maegesho, halafu nilipe tena kwa matangazo.

Sasa niseme kuhusu pesa, maana wenye majumba wana hoja na si haki kuipita. Katika kila dola ya tiketi, nusu au zaidi huenda kwa wasambazaji wa filamu, hasa katika wiki za mwanzo za filamu kubwa. Ndiyo sababu bisi ni ghali. Kisha majumba yalifungwa Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, na yalipofunguliwa watazamaji wengi walikuwa wamezoea kukaa nyumbani. Mauzo ya tiketi nchini Marekani na Kanada yalikuwa zaidi ya dola bilioni 11 mwaka 2019. Mwaka 2024 yalikuwa karibu dola bilioni 8.7. Cineworld, mmiliki wa Regal, aliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Septemba 2022, na National CineMedia yenyewe ikafuata njia hiyo Aprili 2023. Hawa si watu wanaoongeza matangazo wakiwa wameshiba, na mimi sitaki hata ukumbi mmoja ufungwe.

Hata hivyo tazama thamani ya kinachouzwa. National CineMedia iliundwa mwaka 2005 na kampuni za majumba zenyewe, na ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2007, wenye majumba walitia saini mikataba ya miaka 30. Malipo ya msingi katika mikataba hiyo yalianzia senti 7 kwa kila mtazamaji, pamoja na kiasi cha mwaka kwa kila skrini ya kidijitali. Ni kweli kwamba majumba hayo yalipata pia fedha nyingi kutokana na uuzaji wa hisa, kwa hiyo senti 7 si hesabu yote, na viwango vimepanda baadaye. Lakini kila ninapoifikiria jioni ya mama yangu, naiona ile namba. Umakini wa mtu mzima aliyevaa vizuri na kuvuka mji kwa ajili ya hadithi moja ulianza kukadiriwa kwa sarafu ambazo watu huziacha kaunta bila kugeuka nyuma.

Hapa Austin tunao ushahidi kwamba muda ule unaweza kutumika vingine. Alamo Drafthouse, iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1997 na Tim na Karrie League, ilijijengea jina kwa kukataa matangazo ya kawaida ya biashara kabla ya filamu. Badala yake huandaa kipindi cha utangulizi kinacholingana na filamu ya siku hiyo. Ukija kuangalia filamu ya vichekesho ya mkongwe fulani, utakuta vipande vya kazi zake za ujana ambavyo huenda hukujua kwamba vipo. Ukija kuangalia filamu ya kutisha, utaonyeshwa vionjo vya miaka ya 1970 vya filamu za aina hiyo, au dondoo za vipindi vya televisheni vilivyosahauliwa. Mtu ameketi mahali fulani akatafuta, akachagua, akapanga. Unahisi mkono wake. Nimeona watu wakiharakisha chakula cha jioni ili wafike nusu saa mapema, na sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo kwa ajili ya tangazo la bima.

Na kipindi kile kina kazi nyingine ambayo naithamini sana, yaani kufundisha adabu ya ukumbini. Kabla ya filamu huonyeshwa onyo kwamba anayezungumza au kuandikiana ujumbe kwa simu atatolewa nje bila kurudishiwa pesa. Mwaka 2011 mteja mmoja aliyetolewa kwa kosa hilo alipiga simu akaacha ujumbe mrefu wa matusi. Jumba likauchukua ujumbe huohuo, likauweka kwenye skrini kuwa onyo kwa wengine, na ukumbi ukashangilia. Hapo dakika moja ya utangulizi ilifanya kazi ya kulinda saa mbili zinazofuata. Sony Pictures iliinunua kampuni hii Juni 2024, na naomba sana wanunuzi wasije wakaiona nusu saa ile kuwa shamba lisilolimwa.

Huko nyumbani na kwingineko duniani, muda wa kabla ya filamu umewahi kuwa na wenyewe wengine, tena wenye nguvu kuliko wafanyabiashara. Nairobi, wimbo wa taifa hupigwa kabla ya filamu na ukumbi mzima husimama. India ilikuwa na amri ya Mahakama ya Juu ya nchi iliyolazimisha wimbo wa taifa katika majumba yote ya sinema, iliyotolewa Novemba 2016 na kulegezwa Januari 2018. Na kabla ya hapo, kwa miongo mingi, majumba yalilazimika kuonyesha, na kulipia, filamu za habari zilizotengenezwa na idara ya serikali. Sizungumzii hapa kama ni vizuri au vibaya. Nazitaja kwa sababu ni India hiyohiyo ambako mtazamaji wa kawaida hatimaye aliipeleka saa ya tiketi mahakamani.

Kesi yenyewe ilikuwa Bengaluru. Mwaka 2023 mtu mmoja alinunua tiketi za saa 10 na dakika 5 jioni katika jumba la PVR INOX, akiwa amepanga kurudi kazini filamu ikiisha. Filamu ilianza saa 10 na nusu. Akashtaki. Jumba likajitetea kwamba sheria inalilazimisha kuonyesha matangazo ya elimu kwa umma. Baraza la haki za walaji likaona kwamba sehemu kubwa ya yaliyoonyeshwa ilikuwa ya biashara, na kwamba hata yale ya umma yana kiwango chake cha dakika. Februari 2025 likaamuru alipwe rupia 20,000 kwa usumbufu na 8,000 za gharama, jumba lilipe rupia 100,000 katika mfuko wa walaji, na tiketi ziandikwe saa halisi ya filamu kuanza. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Karnataka ikasimamisha amri hiyo, kwa maoni kwamba baraza lilivuka mipaka ya mamlaka yake. Kisheria, basi, jambo hilo halikuishia pazuri kwa mlalamikaji. Lakini hoja yake kwamba wakati ni mali, na kwamba hakuna mwenye haki ya kujitajirisha kwa wakati wa mwingine bila ridhaa yake, haikuondolewa na amri ya kusimamisha.

Wapo wanaonijibu kwamba dawa ni rahisi: viti siku hizi vina namba, kwa hiyo njoo umechelewa dakika 20. Nimelisikia jibu hili mara nyingi, hata kutoka kwa marafiki, na silikubali kabisa. Kwanza, urefu wa utangulizi haufanani. Jumba moja dakika 18, jingine 27, na anayekisia vibaya huukosa mwanzo wa filamu na kuwakanyaga wengine miguu gizani. Pili, wapo wanaovipenda vionjo, nami ni mmoja wao, na hakuna sababu ya kutulazimisha kuvikosa ili tukwepe gari. Tatu, na hili ndilo zito, dakika hizo hazina uzito sawa kwa kila mtu. Wazazi wanaomlipa mlezi wa mtoto kwa saa wanazihesabu. Mfanyakazi wa zamu ya alfajiri anazihesabu. Anayetegemea basi la mwisho anazihesabu, na huyo ndiye mara nyingi anayetoka kabla hadithi haijaisha, akiwa amelipa tiketi ileile.

Kwa upande wa vionjo, wenye majumba wamewahi kuonyesha kwamba wakitaka wanaweza kujiwekea mipaka. Mwaka 2014 chama chao cha kitaifa kilitoa mwongozo wa hiari kwamba kionjo kisizidi dakika mbili na kisionyeshwe zaidi ya siku 150 kabla ya filamu kutoka. Haukuwa sheria, na haukutimizwa kila mahali, lakini ulikuwa ni ukiri wa maandishi kwamba muda wa mtazamaji una kikomo. Mwongozo wa namna hiyo kuhusu saa ya tiketi haungemfilisi mtu. Januari 2025, Seneta Martin Looney wa bunge la jimbo la Connecticut alipendekeza muswada wa kuyataka majumba yatangaze saa mbili: saa ya matangazo na vionjo, na saa ya filamu yenyewe. Na AMC, kabla ya kuanza matangazo yake mapya, ilianza kuwatahadharisha wateja wakati wa kununua tiketi kwamba filamu itaanza dakika 25 hadi 30 baada ya saa iliyotajwa. Huo ni uungwana wa kiasi fulani, nami naupokea, ingawa unamwachia mnunuzi kazi ya kujumlisha na bado unamwekea shaka ya dakika tano.

Ninachoomba kinatimizika kwa mstari mmoja wa wino. Chapeni saa mbili kwenye tiketi, "Milango na matangazo: 1:00, filamu: 1:25", kisha muishike ya pili kwa uaminifu kama reli inavyoishika ratiba. Atakayetaka kuja mapema kwa ajili ya chemshabongo aje, atakayetaka vionjo vitupu aelezwe vinaanza lini, na mwenye tangazo alipie watu waliokuja kwa hiari yao, hata kama watakuwa wachache. Nimeiandikia barua meneja wa ukumbi tunaoutumia, nikamwekea mfano wa tiketi hiyo, na wasomaji wangu wanaoishi huku nawaomba waandike ya kwao. Barua za aina hii husomwa zinapokuwa nyingi, na AMC yenyewe imetuambia kwamba uamuzi wake ulitokana na kutoona dalili ya watu kuacha kuja.